Swali la kwanza kwa mama mgeni

Kwetu Uvira, ukikutana na mama mara ya kwanza, haumuite jina lake. Unamuuliza: "Mama, uko na batoto bangapi?" Halafu unauliza jina la kifungua mimba, na toka siku ile yeye ni Mama Furaha. Mwanaume, utamuuliza kwao ni wapi na anafanya kazi gani. Nilikomaa hivyo. Nilifikiri njo namna watu wote wa dunia wanaanza maongezi.

Mwaka wa 2009 nilifika Tsukuba, inchini Japani, kujifunza kilimo cha mpunga, maana kwetu mu bonde la Ruzizi mpunga njo maisha. Walitufundisha na Kijapani kidogo. Jumapili moja wenyeji wakatualika chai, kila mgeni na mwenyeji wake, ili tuzoee kuongea. Mimi nikakalishwa na mama mmoja wa miaka kama makumi tano. "Hajimemashite", nikainama. Akauliza inchi yangu, kama nimezoea baridi, kama ninakula samaki mbichi. Akasifu Kijapani changu, nacho kilikuwa kibovu kabisa (kule wanakusifu hata kwa neno moja). Zamu yangu ikafika. Nikasema kwa heshima yote: "O-ko-san wa nan-nin desu ka?" Ni kusema, una watoto wangapi.

Akanyamaza. Akatazama kikombe, akatabasamu, akasema hana. Kisha akaniongezea chai na kuanza habari ya mvua.

Jioni mwalimu wetu, naye mwanamke, akaniambia pole pole kama swali lile, hata Wajapani wengine wanaliuliza, zaidi wazee, lakini wanawake wengi wamelichoka. "Mbona haukumuuliza kazi yake?" Ni kweli, meza ya pembeni wanaume walikuwa wanaulizana kazi na mpira tu. Njo nikajua: yule mama alifanya miaka mingi kazi ya mifereji ya maji ya mashamba. Kitu kile kile nilichovuka bahari kukitafuta! Nilikaa naye saa nzima, tukaongea mvua.

Kijapani chenyewe kinatenga. Mwanaume akijitaja kati ya rafiki anaweza kusema *boku* ao *ore*, mwanamke *atashi*. *Watashi* ni ya wote. Lakini ile *-san* wanayoweka nyuma ya jina la mtu ni moja tu, kwa mwanaume na mwanamke, aliyezaa na asiyezaa. Sisi heshima ya mama tumeifunga kwa jina la mtoto.

Dada yangu mkubwa hakuzaa. Watu wanamuita "mama" tu, jina linakatikia pale. Niliporudi nikamuelezea habari ya ile chai, nikifikiri atacheka. Akaendelea kuchagua mchele.

"Mdogo wangu," akasema, "unafikiri ni juu ya nini mimi siendake mu harusi?"