Mama Alipopasuliwa kwa Ajili ya Unene

Tunaandika wawili, mume na mke. Mkono unaoshika kalamu ni wa baba, lakini kila neno limesomwa na mama, na mengine ameyafuta. Aliyepasuliwa ni yeye. Hata hivyo twasema "sisi", kwa maana tulikuja kuona kwamba tumbo la mmoja likipasuliwa, nyumba nzima hula kwa namna nyingine.

Tulitoka Bukavu mwaka 2003, tukaja kukaa Liège, katika nchi ya Ubelgiji. Siku ya ndoa yetu mama alikuwa msichana mwembamba. Baada ya kuzaa watoto watatu, na miaka mingi ya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, alifika kilo 128, naye urefu wake ni mita 1.65. Kule kwetu Kivu hakuna aliyemlaumu. Kila tuliporudi kusalimu, majirani walimshika mikono miwili wakisema, "Sasa umekuwa mama kweli, mume wako anakutunza." Nasi sote wawili tulifurahi, baba hasa. Unene wa mke ulikuwa sifa ya mume, na sifa ile aliipokea bila kuuliza inamgharimu nani.

Mwaka 2013 mama alipatwa na ugonjwa wa sukari. Kisha damu ikapanda, magoti yakaanza kuuma. Lakini jambo lililotutisha kuliko yote lilikuja usiku. Mama alipolala chali, pumzi yake ilikatika. Baba akawa analala jicho moja wazi, akihesabu gizani: moja, mbili, tatu, nne, mara nyingine kupita ishirini, mpaka mama anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Asubuhi mama alisema amelala vema. Hatukuambiana lolote.

Msidhani kwamba hatukujaribu njia nyingine. Alijinyima mkate, akajinyima mafuta ya mawese, akatembea kando ya mto Meuse katika baridi ya Januari. Kilo kumi zilitoka, kilo kumi na mbili zikarudi. Watu husema mnene ni mvivu na mlafi. Sisi tuliokaa naye meza moja twajua kwamba alikula kidogo kuliko mume wake, ambaye hajapata kuvuka kilo 70.

Daktari ndiye aliyetamka kwanza neno la upasuaji. Kwa sheria ya Ubelgiji, bima ya afya hailipi upasuaji huo kwa kila atakaye. Hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Ikiwa jibu ni 40 au zaidi, au 35 pamoja na ugonjwa kama ule wa sukari, anaweza kukubaliwa, mradi awe amejaribu kwa mwaka mzima kujirekebisha katika chakula bila kufaulu. Jibu la mama lilikuwa 47. Tena yampasa kuonana na waganga kadha, na mmoja wao ni mganga wa mambo ya moyo na akili. Huyo alituuliza swali moja tu ambalo hatukulitazamia: "Nani hupika nyumbani kwenu, na nani huudhika chakula kikibaki?" Tulicheka. Hatukujua bado jinsi alivyoona mbali.

Mpasuaji alituchorea picha kwenye karatasi. Atafanya mfuko mdogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, wa kiasi cha mililita 30, usiozidi yai dogo la kuku. Kisha atauunganisha na utumbo mwembamba, chakula kisipite tena katika mfuko ule wa zamani. "Hatuondoi kitu," alisema, "twabadili njia." Akatueleza kwamba njia hiyo ilianzishwa mwaka 1966 na Edward Mason, mpasuaji wa Iowa huko Marekani, ambaye alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walikonda, wala hawakunenepa tena. Hakutuficha hatari: mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda miguuni, na watu wachache hufa. Mama alitia sahihi. Baba aliomba maji ya kunywa.

Watoto tuliwaambia. Mama mzazi wake, aliyekuwa Bukavu, hatukumwambia. Lawama ni yetu, nasi hatuna udhuru ila huu: maneno yalitukosa. Mwaka 1996, vita vilipoingia Bukavu, mzee yule alitembea na watoto saba milimani, akibadilisha vikwembe vyake kwa unga wa muhogo, yeye mwenyewe akilala na njaa. Tungemwambiaje kwamba binti yake amekubali kupasuliwa tumbo ili asiweze kula?

Upasuaji ulifanyika Machi 2018, kwa matundu madogo matano, na siku ya tatu mama alirudi nyumbani. Jambo la ajabu ni kwamba sukari ilishuka katika siku zile zile, kabla uzito haujashuka. Majuma mawili alikunywa mchuzi mwepesi kwa kijiko; baadaye vyakula vilivyopondwa kama vya mtoto mchanga. Alifundishwa kula samaki, mayai au nyama kabla ya vitu vingine, kutafuna sana, na kutokunywa maji pamoja na chakula. Kwenye karamu ya ubatizo mmoja, akisahau, alikunywa gilasi ya maji ya matunda yenye sukari. Baada ya dakika chache jasho lilimtoka, moyo ukapiga kama ngoma, tukamlaza chumbani kwa wenyeji kati ya makoti ya wageni. Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwa wingi. Zilirudi, lakini alilia kwa ajili yake kuliko alivyolilia kidonda.

Hapa baba anapaswa kukiri. Jumapili moja alipika sombe kwa mawese na karanga, kazi ya asubuhi nzima. Mama akala vijiko vinne, akaweka kijiko chini. Baba akasema mbele ya watoto, "Tangu upasuliwe, nyumba hii haina meza tena." Mama aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Tulikaa siku tatu bila kuzungumza ila mambo ya lazima. Sehemu hii baba alitaka kuifupisha; mama ameagiza ibaki.

Julai 2019 tulirudi nyumbani. Mama alikuwa na kilo 86. Tulishuka Kigali, tukapita msitu wa Nyungwe, tukavuka daraja la Ruzizi, na njia yote hakuna aliyetaja lililokuwa mioyoni mwetu. Mzee alitoka mlangoni, akamshika binti yake mikono, akaipapasa toka begani hadi vidoleni, akaanza kulia. Jioni ile majirani walikuja kusalimu na kuondoka mapema. Mjomba alimwita baba pembeni: "Mkwe wetu, sema kweli. Ni sida?" Mwingine alinong'ona kwamba mwanamume huyu huko Ulaya humnyima mkewe chakula. Baba, aliyezoea kusifiwa kwa unene, sasa alilaumiwa kwa wembamba.

Mezani palikuwa na bugali, sambaza za ziwani, na sombe. Mama hakuweza kukataa. Alimeza tonge tatu upesi, chini ya macho ya mama yake, na bugali likakwama. Alitoka uani akatapika nyuma ya migomba. Mzee alimfuata na taa. Hapo ndipo mama alipomwambia yote, kwa Kishi. Baba ni Mrega, alishika nusu tu.

Mzee alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Na huo mfuko waliokata, wameutupa wapi?"

"Hawakuutupa, Mama. Umo ndani. Chakula tu ndicho hakipiti."

"Umo?"

"Umo."

"Basi ni chumba kilichofungwa," akasema mzee, akamfuta mdomo kwa pindo la kikwembe chake.

Mama sasa ana kilo 91, maana baadhi ya kilo zimerudi, kama inavyowapata wengi. Halali tena na pumzi inayokatika. Baba ameacha kuhesabu. Kila siku humeza vidonge vya vitamini, chuma na kalisi, navyo ni vya maisha. Kila mwaka hupimwa damu. Siku hizi kuna na sindano zinazopunguza hamu ya chakula, na watu hutuuliza kama ingefaa kungoja. Kwa ugonjwa ule wa usiku, sisi hatukuweza kungoja. Lakini mtu asiye na njia ya kupata vidonge na kipimo cha damu kila mwaka, tungemwomba afikiri mara mbili kabla ya kujilaza chini ya kisu.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa Bukavu, mzee aliamka kabla yetu. Alimletea mama kisahani cha kuwekea kikombe cha chai, juu yake sambaza tano zilizokaangwa, bila bugali. Akavuta kigoda, akaketi karibu, akamtazama akitafuna mpaka akamaliza. Baba naye aliwekewa sahani kubwa iliyojaa, akaambiwa asibakize kitu.