Tulisema Anajisikia, Kumbe Hasikii

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, nikaitia katika insha nyingi na kupata alama, lakini maana yake sikuitambua mpaka usiku mmoja wa mwaka wa 2025, stima zilipopotea bwenini. Ndugu msomaji, nipe sikio nikusimulie, ingawa kisa chenyewe kinaniaibisha.

Mwaka huo nilikuwa Kidato cha Pili, kiranja wa darasa na mwombaji mashuhuri katika Muungano wa Wakristo hapa shuleni. Nikipewa nafasi ya kuongoza maombi, niliomba mpaka jasho likanitoka. Nilijiona mtu wa Mungu kwelikweli.

Darasani mwetu alikuwamo msichana aliyehamia kutoka shule nyingine. Ameniruhusu kuandika haya, mradi nisilitaje jina lake. Alikuwa mrefu, mtanashati, sare yake imepigwa pasi ikanyooka. Lakini ukimwita kwa nyuma, haitiki. Ukimsalimu kwa kando, anapita kama upepo. Mkiketi kupiga gumzo, anakutumbulia macho bila kupepesa, halafu anacheka wakati wenzake wamekwisha kucheka. "Huyu anajisikia sana," tukasema. "Sisi anatuona takataka." Maneno hayo yakaenea kama moto nyikani.

Ijumaa moja nikiongoza maombi, niliwaambia wote wafumbe macho. Katikati ya sala nikafumbua jicho moja (naam, hata mimi nilichungulia!) nikamwona amekodoa macho, ananitazama mdomoni. Nilipandwa na hasira. Nikainamisha kichwa, nikaigeuza sala ikawa mahubiri, nikamsihi Mungu awavunje wenye kiburi walio kati yetu, wasiotaka hata kufumba macho mbele zake. Wasichana wakaitika "Amina!" kwa nguvu. Kila mtu alijua ninamsema nani. Yeye naye akaitika amina, nyuma ya wote.

Hayo hayakunitosha. Jumatatu yake nilikuwa na kazi ya kupanga viti upya. Yeye aliketi mbele kabisa, upande wa kulia karibu na dirisha. Nikamtoa hapo nikampeleka nyuma, kwenye pembe ya kushoto, ili ajue kwamba darasa lina mwenyewe. Hakubisha. Alikusanya vitabu vyake akaenda. Muhula ulipokwisha, yule aliyekuwa nambari 6 akawa nambari 31. Tukacheka tukisema mpanda ngazi hushuka.

Muhula wa tatu tukajikuta bweni moja, mimi kitanda cha juu na yeye cha chini. Usiku huo stima zilipopotea, blanketi langu lilikuwa limeangukia kwake. "Nipe blanketi langu," nikamwambia. Kimya. Nikarudia. Kimya. Damu ikanichemka, nikashuka mbio, nikamshika bega na kumfokea. Alishtuka, akaushika mkono wangu na kusema kwa sauti ya chini, "Washa tochi. Mimi gizani sisikii."

Nilidhani ananitania. Nikawasha tochi, nikammulika usoni. "Si mimi," akasema, akaugeuza mkono wangu mpaka mwanga ukanipiga mdomoni. "Sasa sema."

Mimi, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, nilikosa la kusema.

Akanieleza. Alipokuwa na miaka sita masikio yalimwuma, yakatoa usaha kwa miezi mingi. Zahanati ilikuwa mbali, na nyumbani walimtia mafuta ya vuguvugu wakitumaini atapona. Usaha ulipokauka, sikio la kulia lilikuwa limekufa, la kushoto likabaki kusikia nusunusu. Ndiyo maana alikipenda kile kiti cha mbele upande wa kulia: sikio la kushoto lilimwelekea mwalimu, na macho yake yakasoma midomo. Kule nyuma nilikomweka, sikio hilo lilielekea ukuta.

"Kwa nini hukusema?"

"Shule ya msingi nilisema. Wakaniita kiziwi mpaka darasa la nane. Afadhali mseme naringa." Kisha akaniuliza, "Na ile Ijumaa uliomba nini? Niliona watu wananichungulia, lakini uliinamisha kichwa nikakupoteza."

Ningeweza kuzima tochi, mazungumzo yakaishia hapo. Nilimwambia ukweli, mwanga ukiwa usoni pangu. Alinyamaza kitambo kirefu. "Nisamehe, dadangu," nikasema. "Kesho nitasimama mbele ya wote niungame."

"Ukisimama mbele ya wote utakuwa umenitangaza," akajibu. "Nirudishie kiti changu tu."

Wiki hiyo nilisoma upya kitabu cha kwanza cha Samweli. Hana, mke wa Elkana, alikuwa Shilo akimlilia Mungu kwa uchungu wa kukosa mtoto. Aliomba moyoni, midomo ikicheza bila sauti. Kuhani Eli, mzee aliyekuwa katika kazi ya Mungu, akaitazama midomo ile na kudhani kwamba mama huyu amelewa. Mimi na Eli tulifanya kosa moja. Lakini yeye alimkabili Hana ana kwa ana, akasikia jibu lake, na papo hapo akageuza maneno na kumtakia amani. Mimi nilimshtaki mwenzangu kwa Mungu, tena hadharani, bila kumwuliza hata swali moja. Yeye alinitazama mdomoni ili anielewe. Mimi nilimtazama nikamhukumu. Ni nani kati yetu aliyekuwa kiziwi?

Kiti alirudishiwa siku iliyofuata. Kwa ruhusa yake tulimwarifu mwalimu wa darasa, na tangu hapo mwalimu akiandika ubaoni hasemi mpaka ageuke atutazame. Mwisho wa mwaka mwenzangu akawa nambari 11. Sikio halijapona, na mimi bado kuna siku ninasahau na kumwita kwa nyuma. Nikikumbuka, ninazunguka mpaka mbele yake ndipo ninene.

Wanafunzi wenzangu, kila Ijumaa tunamwomba Mungu atufumbue macho. Ombi hilo ni jema. Lakini kuna mambo ambayo macho hayawezi kutuambia hata yakifumbuliwa namna gani, kwa kuwa mwenyewe ameyaficha kwa kutuogopa. Hayo hayajulikani mpaka umkaribie mtu, umpe nafasi ya kusema bila kuchekwa. Kabla hujasema fulani anajisikia, fulani mvivu, fulani hana adabu, mwendee umwulize. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.