Gari Lilikuwa Kariakoo

Simu iliingia Ijumaa, saa 8 na nusu mchana. Mama mmoja mzee wa Buguruni, ambaye jumuiya yake ilikuwa imetupokea mara nyingi tukiwa kwenye utume, alikuwa mahututi nyumbani kwake na alimwomba padre. Padre mlezi alichukua stola na mafuta ya wagonjwa, akatoka nje. Gari halikuwepo. Lilikuwa Kariakoo kufuata boksi moja la karatasi za fotokopi. Hiyo ilikuwa safari yake ya tatu mjini siku hiyo: asubuhi lilipeleka barua Posta, na kabla ya chakula cha mchana lilifuata kipuri cha pampu ya maji.

Dereva alisema kwa simu kwamba amefika Tazara, anakaribia. Ndiyo maana hatukuita bodaboda. Alifika saa 10. Tena, likitoka Tazara, gari lile lilipita Buguruni kuja kutuchukua sisi, ili liturudishe Buguruni. Hilo tulilitambua baadaye, na bado linatuuma.

Tuliondoka sisi mafrateri wawili, Padre na dereva, tukaingia kwenye foleni ya jioni. Wanaoijua Barabara ya Mandela hawahitaji maelezo: malori ya bandarini, daladala zilizojaa hadi mlangoni, bodaboda zikipenya katikati, na moshi unaokaa kooni. Tulipofika Tabata tulisimama kabisa. Tukiwa pale tulianza kuyahesabu magari madogo ya upande wetu, ili tu kupoteza wakati, na mengi yalikuwa na mtu mmoja ndani. Kisha Padre akafungua mlango, akasema twende kwa miguu.

Tulifika saa 12 kasoro. Mama alikuwa amefariki kama nusu saa iliyopita. Mpako ni sakramenti ya walio hai, kwa hiyo Padre alisali pamoja na wanajumuiya sala za kumwombea marehemu, akaketi na familia mkekani. Mtoto wake wa kwanza wa kiume ndiye aliyetupokea mlangoni. Alisema, “Poleni na foleni, Baba.” Yeye, mfiwa, ndiye aliyetupa pole sisi.

Jioni ile mezani tuliilaumu serikali, kama ilivyo desturi. Mmoja wetu alishikilia kwamba dawa ni barabara pana na madaraja ya juu. Hatumpuuzi. Daraja la Tazara lilifunguliwa mwaka 2018, na lile la Ubungo mwaka 2021, na kila aliyewahi kusota pale anajua nafuu iliyopatikana. Lakini barabara ikipanuliwa, aliyekuwa akiogopa kutoka na gari lake naye hutoka, na aliyekuwa akienda mjini mara moja huenda mara mbili. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam zaidi ya milioni 5.3. Hakuna lami itakayowatosha wote iwapo kila mmoja ataamua kusafiri saa ileile, kila mtu na gari lake.

Miji mingine iliamua kuitazama safari yenyewe kabla ya barabara. Singapore ilianza mwaka 1975 kuwatoza wenye magari waliotaka kuingia katikati ya mji asubuhi, lakini mwanzoni gari lenye watu wanne au zaidi lilipita bure. London ilifuata mwaka 2003. Stockholm ilifanya majaribio mwaka 2006, na magari yaliyovuka mpaka wa eneo la tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Kwetu tozo ya namna hiyo ingehitaji kwanza mabasi ya kutosha. Mwendokasi ulioanza mwaka 2016 tunaupenda, ila anayeungoja Kimara saa 1 asubuhi atakuambia habari zake. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika Laudato Si’ namba ya 153, aligusa mateso ya wasafiri wa mijini na magari yanayobeba mtu mmoja au wawili. Tuliisoma namba hiyo darasani na kuifanyia mtihani.

Kilichotunyamazisha ni daftari la safari. Padre alilileta mezani Jumamosi, akatuachia bila neno. Tulikuta siku moja yenye safari tano za mjini, tatu kati yake za mtu mmoja mmoja, na mbili zikienda mtaa uleule kwa tofauti ya saa moja. Aliyefuata vitabu hakujua kwamba mwenzake anafuata dawa jirani na pale. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alikuwa na sababu, na katika kila gari lililotuzuia pale Tabata bila shaka kulikuwa na mtu mwenye sababu yake.

Sasa mahitaji ya mjini yanaandikwa ubaoni, gari linakwenda Jumanne na Alhamisi, linaondoka kabla ya saa 12 asubuhi na kurudi mapema. Siku nyingine halitoki ila kwa mgonjwa au msiba. Utume wa Jumapili tunakwenda kwa daladala na mwendokasi, na kanzu zetu, na tumekwisha kuzoea kuulizwa maswali ya imani tukiwa tumesimama, tumening’inia kwenye bomba. Tulimwomba pia paroko mmoja ahamishe kikao cha kamati kutoka Jumatano saa 11 jioni kwenda Jumapili baada ya Misa ya pili, kwani wajumbe wote wako pale tayari. Alikubali, ingawa mwenyekiti alilalamika kwamba Jumapili ni siku ya familia. Ana hoja.

Manung’uniko hayajaisha. Wa jikoni wanasema mchicha wa Jumanne haufiki Alhamisi, nasi tunaula hivyohivyo. Na wiki hii, kwenye daftari, kuna safari moja ya Jumatano jioni kwenda kufuata keki ya mashemasi wapya, imetiwa saini na yuleyule aliyeandika ratiba ubaoni. Amekwisha kuulizwa. Alisema alisahau kwamba ni Jumatano.