Kisima cha Baba

Mchimbaji alikufa Alhamisi. Kufikia Jumapili familia yetu ilikuwa imeshampata wa kubebeshwa mzigo: Mungu.

"Ni mapenzi yake," shangazi aliandika kwenye grupu ya WhatsApp, na emoji za mikono ya maombi zikafuatana. Baba hakuandika kitu. Yeye ndiye aliyemwita yule kijana aje kutuchimbia kisima nyumbani Machakos, siku chache tu baada ya mvua kubwa. Nilikuwepo asubuhi hiyo. Nilimsikia akisema, "Mzee, huu udongo unamwagika. Tungoje ukauke kidogo." Baba akamwambia pampu imeshalipiwa, ashuke tu. Kabla ya saa sita kuta zilikuwa zimeporomoka.

Baba alitoa elfu ishirini za mazishi, kanisani zikaitwa sadaka. Nilipotaja fidia, kwamba kuna sheria tangu 2007 inayomtaka mwajiri amlipe aliyeumia kazini au familia yake, shangazi alinipigia simu usiku. "Unataka kumpeleka babako kortini? Mungu ameshaamua, wewe ni nani?" Huyu ni shangazi ambaye mwaka jana aliibiwa simu ndani ya matatu akalala polisi hadi ikapatikana. Sikumbuki akitaja mapenzi ya Mungu siku hiyo.

Chuoni tulisomeshwa kitabu kifupi cha Plato. Socrates anakutana na Euthyphro nje ya korti huko Athens. Euthyphro anamshtaki babake. Kibarua wao alilewa akamuua mtumwa, basi mzee akamfunga mikono na miguu, akamtupa mtaroni, akatuma mtu mjini kuuliza afanyeje. Kibarua akafa kabla jibu halijafika. Jamaa wanasema mtoto kumshtaki babake ni kuwakosea miungu. Euthyphro anajiona yeye ndiye anayewajua miungu vizuri, ndipo Socrates anamuuliza: jambo takatifu linapendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa linapendwa?

Darasani tulicheka sana. Sasa silicheki hilo swali. Kama kila kinachotokea ni sawa kwa kuwa Mungu amekitaka, basi nikisema Mungu ni mwema nasema tu kwamba amefanya alichotaka. Hata chifu wetu hufanya anachotaka. Mimi bado naomba kila usiku, na ninayemwomba nadhani alimsikia yule kijana akisema udongo unamwagika.

Kusema kweli naogopa. Baba ndiye aliyenilipia karo.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjane hadi ofisi ya leba, mtoto mgongoni. Karani akatupa karatasi ya kueleza ajali ilivyotokea. Mjane akanisukumia kalamu. "Wewe ndiye ulikuwepo," akasema. Nikaandika alichosema mumewe, halafu alichojibiwa.

Baba ameondoka kwenye grupu.