Ngome Ilibadili Mabwana, Mji Ukabaki

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika Mji wa Kale wa Mombasa. Msimu wetu mkubwa ni likizo za shule na mwezi wa Disemba, hasa tangu treni ya SGR ianze kushuka kutoka Nairobi mwaka 2017. Familia hufika na watoto wao, na karibu wote huja na ombi moja: niwapeleke Fort Jesus, wapige picha kwenye mizinga, kisha waende zao ufuoni. Ngomeni nitawapeleka, lakini sianzii ndani na simalizii humo. Kila mwaka nazidi kuamini kwamba mtu aliyeiona Ngome bila kuuona mji hajaiona hata hiyo Ngome yenyewe.

Huanzia nje, upande wa bahari, chini ya kuta, mahali ulipojengwa ukuta mpya wa kuzuia mawimbi yasiendelee kuula mwamba. Hapo nawaomba wageni waipe Ngome kisogo kwanza, watazame maji. Mkondo wa kuingilia Bandari ya Kale ni mwembamba. Ng'ambo ya Nyali unaiona waziwazi, hata watu wanaotembea. Kwa karne nyingi vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi viliingia hapa na pepo za kaskazi, vikangoja kusi ianze kuvuma ndipo virudi. Aliyekalia mwamba huu alikuwa na uwezo wa kufungua na kufunga mlango wa biashara yote hiyo. Mtoto wa miaka tisa hulielewa jambo hilo papo hapo akiwa amesimama pale, na hakuna maelezo ya ndani ya makumbusho yanayoweza kumfahamisha vizuri zaidi.

Wareno walipoanza kujenga mwaka 1593, kwa ramani ya mhandisi Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, Mombasa ilikuwa mji mkongwe tayari. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 akakuta Waislamu na misikiti yao. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, akaona hali si salama, akaendelea hadi Malindi, na huko ndiko alikopata rubani wa kumvusha kwenda Bara Hindi. Baada ya hapo Wareno waliupiga mji huu na kuuchoma mwaka 1505, wakarudia 1528, na mwaka 1589 wakaupiga tena kwa sababu watu wake walikuwa wamempokea Mturuki, Mir Ali Bey, aje awasaidie. Ngome ilikuja baada ya moto wote huo. Kwa hiyo watoto wanaponiuliza kama ilijengwa kuilinda Mombasa, huwajibu kwamba ililinda mlango wa bahari na ikawalinda walioijenga. Kisha nawaonyesha buruji zake nne: mbili zinatazama majini, mbili zinatazama nchi kavu. Waliojenga hawakuogopa meli peke yake.

Tukifika langoni nasimama chini ya jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Watu wengi hupita wakidhani ni pambo. Aliyeliweka ni Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, akijisifu jinsi alivyoijenga upya Ngome na kuiadhibu pwani. Iliadhibiwa kwa kosa gani? Hapo ndipo humleta Yusuf bin Hasan, na sina haraka ninapofika kwake.

Baba yake, Sultani Hasan, alikosana na kapteni wa Ngome na akauawa mwaka 1614. Mtoto alipelekwa Goa, koloni la Wareno Bara Hindi, akalelewa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa nyumbani awe mfalme chini ya Ureno. Wareno walidhani wamempata mtu wao. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na wafuasi wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu hadharani, na mji ukawa mikononi mwake. Waliouawa siku zile hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo mapadre, wanawake na watoto, na mgeni yeyote anayetembea nami hulisikia hilo pia. Mwaka uliofuata kikosi kutoka Goa kilikuja kumtoa kikashindwa. Hata hivyo Yusuf hakungoja kikosi kingine: aliibomoa sehemu ya Ngome, akatweka tanga akaondoka, asirudi kutawala tena. Kwangu mimi huyu ndiye mtu mkubwa kuliko wote waliopita katika lango lile. Alichukuliwa mtoto, akafundishwa kumsahau baba yake, akakataa kumsahau.

Ndani, sehemu ninayokaa muda mrefu ni uani, karibu na birika la maji. Hapo nasimulia mzingiro. Waomani, wakati wa Imamu Saif bin Sultan, waliizingira Ngome kuanzia tarehe 13 Machi 1696, na haikuanguka hadi 13 Disemba 1698. Ni miezi thelathini na mitatu. Waliokuwa wamejifungia humu walikuwa Wareno wachache pamoja na mamia ya watu wa pwani waliowaunga mkono, wanawake na watoto wakiwamo. Maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Katikati ya mwaka 1697 Wareno wa kikosi cha mwanzo walikuwa wamekwisha kufa, na aliyeshika uongozi ni Bwana Daud wa Faza, akiwa na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake wa Kiafrika wapatao hamsini. Hao ndio waliokuwa wakizunguka juu ya kuta hizi na kuzilinda hadi msaada wa Wareno ulipofika.

Ninapofika kwa wanawake hao hamsini, wageni hunyamaza. Baadhi ya wasichana wa shule huniuliza majina yao. Kapteni wa Kireno ana jiwe lake juu ya lango, buruji zina majina ya watakatifu na ya mfalme wa Hispania, lakini sijawahi kuona kibao chenye jina la hata mwanamke mmoja wa hao. Naamini wanastahili kibao pale uani, hata kama kitakuwa na idadi tu bila majina.

Msaada ule ulikuja na meli, na mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama Oktoba 1697 papa hapa mbele ya Ngome. Wapiga mbizi wa utafiti waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyotolewa vimo katika makumbusho ya ndani. Yaliyofuata naweza kuyasema huku tukitembea: Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakaja watawala wa ukoo wa Mazrui, ambao wakati wao Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake ya vita na ya mapenzi, mwaka 1837 Seyyid Said wa Zanzibar akaichukua, mwaka 1875 manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga, kuanzia 1895 hadi 1958 ikawa gereza. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Mkiishia hapo mmepata historia ya mabwana wa Ngome. Wakati wote huo kulikuwa na watu nje ya lango wakiswali, wakiuza samaki, wakioza mabinti na kuzika wazee wao, na wajukuu zao wako hapo hadi leo. Hao ndio ninaowapeleka wageni kwao.

Tunatoka tukishika mtaa wa Ndia Kuu. Mji huu unatembewa kwa kufuata kivuli: mitaa ni myembamba na nyumba ni ndefu kwenda juu, hata saa tano za asubuhi upande mmoja wa njia bado una baridi. Nawaonyesha milango ya nakshi na roshani za mbao zilizoletwa na mafundi wa Kihindi. Nawaambia wahesabu hatua za upana wa chumba katika nyumba ya zamani ikiwa mwenyewe ametukaribisha. Vyumba vyote ni vyembamba kwa sababu dari hushikwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake, hauwezi kuvuka upana utakao. Basi hata chumba cha tajiri kilipimwa na mti wa mkokoni.

Tunapita Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mnene kama pia, unaotajwa kuwa wa mwaka 1570, maana yake ni mkongwe kuliko Ngome. Tunateremka ngazi za Leven, zenye jina la meli ya Kapteni Owen aliyekuja mwaka 1824 Mazrui walipotaka ulinzi wa Waingereza. Kisha tunakaa barazani, tunakunywa kahawa chungu na kashata. Mara nyingi mzee mmoja wa mtaa huungana nasi. Aliwahi kuniambia mbele ya wageni, "Mwanangu, hawa usiwape tarehe tupu. Waambie na sisi tupo." Tangu siku hiyo nimelishika neno lake.

Linaloniumiza katika kazi hii ni kuona nyumba zikianguka. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, lakini tangazo halipaki chokaa. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, chumvi na maji hukwama ndani, plasta hubanduka na jiwe huoza taratibu. Mafundi wa chokaa ni ghali na waliobaki ni wachache, saruji ipo kila duka, na nyumba nyingi ni za urithi zenye warithi wengi wasioelewana nani alipe. Simlaumu mwenye nyumba anayepaka saruji mvua za masika zikikaribia. Lakini pesa za likizo zinazoingia mji huu nyingi huishia kwenye hoteli za ufuoni, na sehemu ndogo sana humfikia anayeishi nyuma ya milango ile ambayo kila mtu anaipiga picha.

Kwa hiyo mkija likizo, njooni asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Ngome ipeni muda wa saa mbili, na asubuhi iliyobaki ipeni mitaa. Mwekeni mtembezaji aliyezaliwa hapa na mwenye leseni. Kahawa, mahamri, halwa na leso nunueni Mji wa Kale. Vaeni kwa heshima, na kabla ya kumpiga mtu picha, hasa akina mama na watoto, toeni salamu na ombeni ruhusa. Akikataa, shukuruni mpite. Na mkiwa na watoto, waacheni waulize maswali yao yote, hata yale ya vita na ya utumwa. Sisi tuko tayari kuyajibu.