Ikombe, Kijiji cha Wafinyanzi

Huenda nyumbani kwako kuna chungu chekundu, chepesi, chenye michoro myeupe shingoni. Ukikigonga kwa kidole kinalia. Huenda ulikinunua Tukuyu au Mbeya mjini. Chungu hicho ni cha Wakisi. Leo twende pamoja mpaka mahali kinapofinyangwa.

Tunatoka Mbeya kwa basi. Tunapita Tukuyu penye migomba na chai. Tunateremka mpaka Kyela penye mpunga na kakao. Kisha tunapitia Ipinda mpaka Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Hapo tambarare inakwisha. Mbele yetu ni Milima ya Livingstone, ambayo inateremka moja kwa moja mpaka ndani ya maji. Mimi nilikwenda Ikombe mara ya kwanza mwaka 2006, kwa mtumbwi. Wengine walipita kwa miguu, njia nyembamba kandokando ya mlima. Sikuthubutu. Na ziwa nalo si la mchezo, kwa maana kina chake kinafika karibu mita 700.

Nilikwenda kufundisha kilimo cha matuta. Mama mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanionyesha mlima, akasema, "Bwana shamba, pale utalima umesimama au umening'inia kama nyani?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Mihogo ipo, lakini ardhi ya kulima ni kidogo sana.

Basi wanakula nini? Wanaume huvua samaki. Wanawake hufinyanga vyungu. Tangu zamani Wakisi walipeleka vyungu na samaki kwa Wanyakyusa wa tambarare, na kwa Wakinga wa milimani, wakarudi na chakula. Wamishonari wa Kijerumani walipofungua kituo Ikombe katika miaka ya 1890, waliikuta kazi hii. Wakisi wengine wanakaa mbele zaidi, ufukoni upande wa Ludewa. Ludewa ilikuwa Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Njombe.

Sasa tazama kazi yenyewe. Mama anatwanga udongo, anautia maji, anaukanda kama unga wa maandazi. Hana mashine wala gurudumu. Anaukalisha udongo juu ya kigae, anakizungusha kigae kwa mkono, na ukuta wa chungu unapanda. Analainisha kwa kipande cha kibuyu. Chungu kikikauka anakipaka udongo mwekundu, anakisugua kwa jiwe laini mpaka king'ae, halafu anachora kwa rangi nyeupe. Hawatumii tanuru. Vyungu hupangwa chini, vikafunikwa kwa nyasi na kuni, vikachomwa. Mvua ikinyesha ghafla, kazi ya siku nyingi inapasuka. Nilimwona mama akiokota vigae vya vyungu vyake kimya kimya. Hakulia. Aliviweka upande, vitamfaa kufinyangia vingine.

Kuna mambo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza ni samaki aitwaye mbasa. Wakati wa mvua mbasa hupanda mito ili kutaga mayai. Mtu akifunga mdomo wa mto kwa nyavu, anakamata samaki wa mwaka huu na wa mwaka kesho pamoja. Mbasa wamepungua. La pili ni ndoo za plastiki na masufuria. Ndoo ikianguka haivunjiki, kwa hiyo wanunuzi wa mitungi ya maji wamepungua. Lakini nimeuliza wapishi wengi wa Kyela, nao wanasema maharage ya chungu ni mengine kabisa. Hapo nakubaliana nao.

Usafiri bado ni mgumu, hasa kwa mgonjwa au mama mjamzito. Mwaka 2021 meli ya MV Mbeya II ilianza kazi katika ziwa, ikabeba abiria na mizigo. Hata hivyo mtumbwi ndio unaopeleka vyungu sokoni.

Soko ni Jumamosi, Lyulilo, karibu na Matema. Wanawake hupanga vyungu mtumbwini, kidogo ndani ya kikubwa, na nyasi katikati. Huondoka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Ukifika mapema utawakuta wakishusha. Ukitaka kununua, gonga chungu kwanza, usikilize. Chenye ufa hakilii vizuri, na mama mwenyewe atakuambia uchukue kingine.