Puto letu lilifika wapi?

Nimekuwa kimya hapa karibu miezi miwili, na sababu yenyewe ni puto.

Dadangu mdogo, aliye Kidato cha Tatu, alitaka mradi wa sayansi ambao si ile volkano ya magadi na siki. Akaniuliza: puto la heliamu likiachiliwa huku kwetu, linafika wapi? Nikamwambia hiyo ni kazi ya wikendi moja. Mimi na mdomo wangu!

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi: kisoma GPS, kadi ya simu, betri ndogo na programu niliyoiandika usiku mmoja ya kututumia SMS kila dakika mbili. Pamoja na parachuti ya kitambaa chekundu, gramu 85. Puto tupu, gramu 45. Pwani lita moja ya heliamu huinua takriban gramu moja, lakini kwenye mwinuko wetu wa mita 1,600 hivi hewa ni nyepesi, kwa hiyo hesabu gramu 0.9. Tulijaza kama lita 180, yaani nusu tu ya uwezo wa puto, kwa sababu kadiri linavyopanda ndivyo gesi inavyotanuka. Ukilijaza likakaza hapa chini, litapasuka mapema. (Ruhusa ya kurusha ilinichukua muda mrefu kuliko programu. Iombeni, tafadhali. Huko juu kuna ndege zenye watu.)

Tuliliachilia Isinya asubuhi. SMS tatu, kisha kimya. Antena za minara ya simu zimeinamishwa kuelekea watu walio chini, si mbinguni, kwa hiyo kimya hicho nilikitarajia. Baada ya saa moja na ushei simu ikalia: 0137.8000,S,03629.4000,E. Programu yangu ikasema kilomita 70, kusini mwa mlima Suswa. Nilirukaruka kama mtoto. Nikawapigia wenzangu kazini.

Kesho yake tukatumia siku nzima na pesa za mafuta kuzunguka huko juani. Hakuna puto, hakuna kitambaa chekundu. Jioni dadangu hakusema neno njia nzima. Mradi ulikuwa uwasilishwe baada ya siku tisa, na kifaa kilikuwa kimoja tu.

Usiku akaja na daftari lake. Kabla ya kurusha tulikuwa tumekijaribu kifaa ndani ya matatu kutoka Nairobi hadi Namanga. Mimi niliangalia tu kama SMS zinafika. Yeye aliziandika zote.

“Kaka, mbona baada ya 0159 inaruka hadi 0200? Mbona hakuna 0160?”

Nilihisi masikio yakipata moto. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi! GPS haitoi digrii za desimali. Tarakimu mbili za mwisho kabla ya nukta ni dakika, na dakika huishia 59 kama za saa. Mimi niligawa kwa 100 nikapata 1.378. Ilipaswa kuwa digrii 1 na dakika 37.8, yaani 1 + 37.8/60 = 1.63. Mahali pa kuanzia nilikuwa nimepaandika kwa mkono kutoka kwenye ramani, kwa hiyo hapo palikuwa sahihi na kosa halikujionyesha.

Karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi pia, hivyo hata kwa kalamu unaweza kuhakiki. Jibu: kilomita 40, karibu na Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi. Tulikuwa tumetafuta kilomita 35 mbali na puto letu wenyewe.

Upepo wa mashariki ulikuwa umelisukuma karibu moja kwa moja magharibi. Wale wa Loon, walioleta intaneti kwa maputo Kenya mwaka 2020 kabla ya mradi kufungwa 2021, walipandisha na kushusha maputo yao kutafuta upepo unaokwenda wanakotaka. Letu lilikwenda lilikopelekwa.

Kifaa tulikikuta kimefungwa kwenye mgunga, juu, mbuzi wasikifikie. Mzee mmoja mchungaji alikataa pesa, akaomba kile kitambaa chekundu.

Kwenye daftari, dadangu alikata 70 kwa mstari mmoja akaandika 40 pembeni. Nilimwomba aandike ukurasa mpya, akakataa. Wenzangu kazini bado wanajua ni 70.